Tunaenda njia ya jangwani siku tatu na watoto na bibi yao, ukiacha kutembea kuna nini cha kufanya?

MamaWatatu

Habari zenu wakuu, naomba mnishauri maana safari inakaribia na nimeanza kukosa usingizi. Tunaenda kukaa jangwani siku tatu, tuko saba: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 6, 9 na 14), mama yangu mzazi ambaye goti linamsumbua, na mdogo wangu wa kiume ambaye yeye akilini ana kilomita tu. Tutakapopiga mahema ndipo njia ya miguu inapoanzia, ni mzunguko wa kilomita 11, unashuka kwenye mto mkavu, unapanda miamba kidogo, alafu unarudi kwa kupitia vilima vya mchanga.

Mdogo wangu anasema tuupige mzunguko wote siku ya kwanza, zingine tutajua huko huko. Mimi naona kilomita 11 kwa mtoto wa miaka 6 na mtu mwenye goti bovu ni kutafutana ubaya, na sitaki mama ashinde hemani siku tatu anatuangalia tunaondoka na kurudi, amekubali kuja kwa sababu wajukuu walimng'ang'ania. Kwahiyo naulizia mambo ya kufanya hapo hapo karibu na njia ambayo wote saba tunaweza kushiriki, au angalau yeye na watoto.

La pili maji. Nimeambiwa lita 2 kwa mtu kwa siku zinatosha kwa sababu jangwani mtu hatoki jasho sana. Ni kweli?

KijitiMkononi

Dada karibu. Naanza na maji maana ndiyo yaliyonifanya niache kila kitu niandike. Aliyekuambia hivyo amekosea vibaya sana. Jasho linatoka tena jingi, ila hewa ni kavu kiasi kwamba linakauka papo hapo, huoni shati likilowa, unachokuja kuona ni jioni ukivua begi unakuta mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Ile chumvi ndiyo ushahidi wa maji yaliyokutoka bila taarifa. Mimi kipimo changu ni lita 4 kwa mtu mzima kwa siku hata kama anakaa tu, na akitembea juani naongeza nusu lita mpaka lita nzima kwa kila saa. Piga hesabu ya watu saba kwa siku tatu, 84 za kunywa tu, hujapika, hujanawa mikono, na mdogo wako hajaanza hizo kilomita zake. Beba madumu 7 ya lita 20 na usijutie uzito, gari ndilo linabeba. Na yasikae yote kwenye chombo kimoja kikubwa, kikipasuka umekwisha.

Ila pia msinywe maji matupu kutwa nzima bila kula chochote chenye chumvi. Chumvi mwilini ikipungua sana mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na watu wanadhani ni kiu wanamzidishia maji, hapo ndo wanamharibu kabisa.

Nikuambie kilichonipata. Tulikuwa watatu, njia kilomita 9, tukajisemea hii ni saa mbili na nusu tu kama tunavyotembea siku zote. Hatukufikiria kwamba kwenye mchanga mguu unazama na kurudi nyuma, kila hatua unalipia mara mbili. Tulitoka saa 2 asubuhi tukiwa na lita moja na nusu kila mtu. Kufika saa 6 mchana tuko nusu ya njia, chupa zinapiga kelele za utupu, na mwenzetu mmoja akaanza kutujibu maneno yasiyohusiana na swali. Unamuuliza unaumwa wapi anakuambia habari za funguo. Sitasahau. Tulimburuta tukamuingiza chini ya mwamba wenye kivuli, tukamvua shati, tukalilowesha maji yaliyobaki tukamfunika kifuani na shingoni huku tunampepea na kofia, na tukakaa pale bila kusogea mpaka saa 11 jioni jua liliposhuka. Alirudiwa na akili taratibu. Tulifika gari saa 2 usiku midomo imepasuka. Tulipona kwa sababu kile kivuli kilikuwepo pale na si kilomita moja mbele.

Tangu siku hiyo jangwani sihesabu kilomita, nahesabu saa. Na saa zenyewe nazipanga hivi: natoka saa 11 alfajiri, saa 4 asubuhi niko kivulini, sitoki tena mpaka saa 10 jioni. Siyo sheria niliyoitunga mimi, hata Grand Canyon kule Marekani askari wa hifadhi wanawaambia watu wasiwe njiani wakati wa kiangazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na wanawaonya wasijaribu kushuka mpaka mtoni na kupanda siku hiyo hiyo, maana kule unaanza na mteremko ukiwa na nguvu na baridi ya asubuhi, mlima unakungoja mchana ukiwa umechoka.

nyayo_za_mende

MamaWatatu naomba nikujibu la mama na watoto kwa sababu hilo nalijua kuliko kilomita.

Asubuhi ya kwanza msiende mbali. Amkeni kabla ya jua, mbebeeni bibi kiti, mwendeni mita mia mbili tu kutoka kwenye hema mpaka pale mchanga unapokuwa laini na safi, mumkalishe hapo ampe kila mjukuu kijiti. Kazi ni moja, kusoma nyayo. Jangwani wanyama wengi wanatoka usiku kukwepa joto, kwahiyo alfajiri mchanga ni kama gazeti la usiku mzima, na jua likiwa chini kila kialama kinatupa kivuli unakiona wazi. Mende anaacha mstari kama mshono wa cherehani. Mjusi unaona vidole pande mbili na katikati mfereji mwembamba wa mkia. Kuna nyoka wa mchangani wanaotembea kiubavu, hao hawaachi mstari mmoja, wanaacha vipande vipande vilivyojipanga mshazari kama ngazi (ukiona hivyo furahi kwa mbali, usiufuate mpaka kichakani).

Mwanangu akiwa na miaka 7 alifuata mshono wa mende hatua kama arobaini, anainama, anahesabu, anatupigia kelele tusikanyage, ghafla mshono ukakata. Hauendi popote. Pale ulipokatikia pana alama mbili kama za fagio, moja kushoto moja kulia, zimekaa sawa sawa. Alikaa anaangalia kama dakika nzima kisha akasema "mama, ndege amemla". Zilikuwa mbawa. Sikumfundisha mimi, mchanga ulimwambia mwenyewe. Mpaka leo akifika penye mchanga wowote anainama kwanza.

Ila fanyeni mapema, upepo ukianza na watu wengine wakipita mambo yote yamefutika, saa 3 asubuhi mara nyingi hakuna tena cha kusoma.

Na vilima vya mchanga msivisubirie siku ya mwisho. Jioni jua likipungua watoto wapande na kuteleza na ubao, au waporomoke tu kwa makalio, mama yako achague pa kukaa chini awe ndiye mwamuzi wa nani kateleza mbali. Siri ya kupanda ni kupita kwenye ukingo, ule mgongo wa juu ambapo pande mbili zinakutana, au upande unaopigwa na upepo maana huko mchanga umeshindiliwa. Upande wa pili ndiko mchanga unakomwagikia, huwa umelala kwenye mwinuko wa kama nyuzi 34, ukipandia huko unapanda hatua mbili unarudi moja na nusu. Wa kushukia ni huo sasa. Kabla hawajashuka mtu mzima atangulie aangalie chini hakuna mawe wala miiba, na wateleze kwa zamu, wa kwanza aondoke kabisa ndo wa pili ashuke.

Mchana msidhanie watoto wanaweza kucheza peku, mchanga juani unafika zaidi ya nyuzi 60, unaunguza nyayo kweli kweli.

Msafiri_Baridi

Wenzangu wamesema vizuri, mimi nashtuka na hilo la mto mkavu. Dada hakikisha mahema HAYAKO ndani ya huo mto wala kwenye kingo zake za chini, hata kama pale ndipo penye miti na mchanga laini na kivuli na kila mtu anapapenda. Mvua haihitaji kunyesha hapo mlipo. Inaweza kunyesha milimani kilomita nyingi huko, nyie mna anga jeupe, na maji yakaja kama ukuta umebeba magogo na mawe, kwa sababu ardhi ile ngumu haiyanywi haraka, yote yanakimbilia kwenye mkondo. Mkiwa mnapita mtoni siku ya kutembea na mkaona wingu jeusi upande inakotokea mikondo, au maji yaliyokuwa kidogo yanageuka rangi ya udongo, au mnasikia mvumo kama lori linakuja, msijadiliane, pandeni juu. Msikimbie kufuata mkondo, mtashindwa mbio, pandeni pembeni.

Ukitaka kuona wanaojua jangwa wanavyoliheshimu angalia ile njia ya korongo la Fish River kule Namibia, kama kilomita 85 na watu wanaitembea siku kadhaa. Inafunguliwa Mei mpaka katikati ya Septemba tu, miezi mingine imefungwa kwa sababu ya joto na mafuriko, na bila cheti cha daktari huingii. Wamefanya vizuri sana, na mimi naamini kila familia ijiwekee cheti chake, yaani kabla ya kutoka hemani mnaulizana nani amelala vizuri, nani anaumwa tumbo, nani hajakojoa tangu asubuhi. Mkojo ukiwa mweusi kama chai mtu huyo haendi popote, anakunywa anapumzika.

Kingine, waambie watoto wasitoke nje ya njia pale ardhi inapokuwa na ganda la rangi ya giza lenye vinundu vinundu. Linaonekana kama uchafu lakini ni kitu hai, bakteria na ukungu na vimea vidogo vimeshikamana na mchanga, ndivyo vinavyozuia udongo usipeperushwe na vinahifadhi unyevu kwa ajili ya mimea. Hatua moja inavunja kitu kinachochukua miaka mingi, hata makumi ya miaka kurudi. Pitieni kwenye mwamba, kwenye mchanga wa mto, au kwenye njia yenyewe. Hii inaniuma sana maana nimeona watu wanalikanyaga wapige picha nzuri ya ua moja.

Na choo, chimbeni kishimo cha sentimita 15 hivi mbali na njia na mbali na mkondo, karatasi msizifukie, rudini nazo kwenye mfuko. Jangwani vitu haviozi haraka, utazikuta mwakani.

Kilimia7

Hamjagusa usiku jamani, na usiku ndiyo nusu nzuri ya jangwa! Bibi na goti lake usiku hana shida yoyote, anahitaji kulala chali tu.

Mkiweza kuchagua tarehe nendeni siku za mwezi giza. Zimeni taa zote, simu zote, mkae gizani dakika 20 mpaka 30, macho yanahitaji muda huo kuzoea, na mtu mmoja akiwasha simu "kidogo tu" wote mnaanza upya. Mkilazimika kuwa na mwanga funikeni tochi na kitambaa chekundu, mwekundu hauharibu macho sana. Hewa ya jangwani ni kavu, mawingu machache, na miji iko mbali, kwahiyo ile Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, inatanda kutoka ukingo hadi ukingo wa anga. Huko huko Namibia kuna hifadhi inaitwa NamibRand, mwaka 2012 ilitambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga la giza, ya kwanza Afrika. Giza nalo linatunzwa.

Mwambie mama awatafutie wajukuu Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, watoto wahesabu nyota zake. Mjini ukibahatika unaona tano au sita, jangwani mwenye macho mazuri anapita saba. Na kama mnaenda katikati ya mwaka basi mapema usiku mtamuona Nge angani, ana mkia uliojikunja kabisa na nyota nyekundu kifuani.

Na hapo ndipo unawaonyesha nge wa chini. Nge ngozi yake inang'aa kijani-buluu ukimmulika na ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti. Ni kitu cha ajabu sana, jiwe ulilokuwa umelikalia mchana unalimulika unakuta kuna kijani kinawaka pembeni yake. Masharti: viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, mtu mzima anashika tochi, hakuna kugeuza mawe, hakuna kugusa, mnatazama kwa hatua mbili tatu mnaondoka. Mkishawaona watoto wenyewe watakung'uta viatu kila asubuhi bila kukumbushwa.

Bebeni masweta na mablanketi ya kutosha. Hewa isiyo na unyevu haishiki joto, jua likizama joto linapanda angani moja kwa moja, mtu aliyekuwa analia joto saa 9 mchana saa 9 usiku anatetemeka. Bibi umfunike miguu, goti halipendi ile baridi.

MamaWatatu

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili na mume wangu naye kasoma, tumeshaongeza madumu. Mama nimemsomea ile ya mende na mbawa, amecheka akasema yeye kiti chake cha kukunja anacho tayari 😊

Ila mdogo wangu hajakubali. Anasema yeye ana pumzi, anafanya mazoezi kila siku, joto ni akili tu, na anataka aende mzunguko peke yake siku ya pili na mwanangu wa miaka 14 anataka kumfuata. Nimwambieje bila kugombana?

KijitiMkononi

Usimkataze dada, mpe masharti. Yule mwenzetu aliyeanza habari za funguo ndiye aliyekuwa na pumzi kuliko sisi wote, na ndiyo sababu aliwahi kuzidiwa, alikuwa anatangulia mbele anasukuma mwendo mwili unazalisha joto kuliko unavyoweza kulitoa. Misuli haipoozi damu. Msomee hiyo.

Masharti yangu yangekuwa haya. Waende wawili au watatu, mtu asiende peke yake. Mume wako akienda nao ni bora zaidi, wewe ubaki na wadogo na mama. Watoke saa 11 alfajiri kukiwa bado na ubaridi, na waanze na upande wa vilima vya mchanga, siyo mtoni, ili ule mchanga mgumu kuutembea waumalize jua halijachomoza vizuri. Kila mtu lita 4 mgongoni, hata huyo wa 14, kama hawezi kuzibeba basi njia hiyo hajaifikia. Theluthi ya kwanza ya maji ikiisha wasimame wajiulize wamefika wapi, kama hawajafika theluthi ya njia wanageuza, hapo hapo, bila "tumalizie tu kile kilima".

Shati refu la mikono, jepesi na pana, kofia ya kufunika shingo. Kitambaa cha pamba shingoni wakiloweshe kila wakipumzika. Ramani waipakue kwenye simu kabla, na simu waiweke hali ya ndege isihangaike kutafuta mtandao, itaisha chaji bure, na isikae mfuko wa nje juani maana ikipata moto inajizima. Filimbi kila mtu shingoni. Na wewe hemani andika kwenye karatasi saa waliyotoka, njia waliyoshika, na saa ambayo wasipoonekana unaenda kuwaita askari wa hifadhi. Mkubaliane saa hiyo mbele ya wote. Ikifika unaenda, husubiri nusu saa ya huruma.

Dalili amfundishe mpwa wake, na mpwa amfundishe yeye: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, hapo ni kivuli na maji na chumvi na kupumzika. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hiyo ni hatari ya kufa, mwili umepita nyuzi 40, anapozwa pale pale kwa maji yoyote mliyo nayo na kupepewa huku mwingine anaita msaada. Asinyweshwe maji akiwa hajitambui.

nyayo_za_mende

Naongezea tu kwa huyo wa miaka 14, mpe kazi. Kijana akienda kama abiria anatafuta sifa, akipewa jukumu anatulia. Awe ndiye mwenye saa na mwenye kuhesabu maji. Wangu nilimpa daftari, kila nusu saa anaandika wakati, maji yaliyobaki na kitu kimoja alichokiona, na mjomba wake alikuwa anamuuliza yeye kama waendelee.

MamaWatatu

Hii ya daftari nimeipenda. Nimempa mdogo wangu simu asome mwenyewe, kasoma kimya mpaka kwenye funguo, akauliza "huyo jamaa sasa hivi yuko salama?"

KijitiMkononi

Mwambie yuko salama kabisa. Alfajiri ndiye anayetuamsha.